Meza ya Marseille

Mwaka jana tulikaa mwezi mmoja Marseille, mji wa bandari katika Ufaransa, tukawa wageni wa jamaa moja ya Kikristo. Chakula chao kilitupendeza: mkate wa moto asubuhi, mchuzi wa samaki, jibini na zabibu. Lakini lililotushangaza zaidi ni meza yenyewe. Baba, mama, bibi na watoto hula pamoja pasipo haraka, na watoto wasemapo husikilizwa.

Jumapili walitupandisha kilimani, kwenye kanisa la Notre-Dame de la Garde. Kutoka huko juu tuliiona bandari. Ndipo walipopandia meli mwaka 1878 Mapadre Weupe wa msafara wa kwanza, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie kwenye Maziwa Makuu. Na mwaka 1892 wenzao wakafika Kashozi katika Bukoba yetu. Tukafahamu walichokiacha: waliacha meza kama ile.

Machozi yakatulengalenga. Maana sisi nyumbani Kishanda tulizoea kula peke yetu chumba cha mbele, mama na watoto wakila jikoni. Wao waliiacha meza kwa ajili ya Injili. Sisi tuliiacha kwa ajili ya nini?

Tangu turudi, ndizi na maharage hupakuliwa mahali pamoja. Mtoto wetu mdogo husema sana. Kumbe alikuwa na mengi, nasi hatukuyajua.