Doa la Pambo na Doa la Maradhi

Katika nchi za baridi, pale ambapo miti mikubwa imeufunika ua hata nyasi zikakataa kuota, mtunza bustani hukimbilia mmea uitwao hosta. Asili yake ni Japani, Korea na Uchina. Jina ulipewa mwaka 1812 na Leopold Trattinnick kwa heshima ya Nicolaus Thomas Host, mtaalamu wa mimea wa Austria. Baadaye Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani aliyerejea Uholanzi kutoka Japani mwaka 1830, aliifikisha Ulaya mimea kadhaa ya jamii hiyo. Maua yake si ya kusifiwa sana. Kinachotafutwa ni jani, hasa lile la rangi mbili: kijani katikati, ukingo mweupe ukilizunguka mithili ya pindo la kanga.

Waama, uzuri huo una gharama. Sehemu nyeupe haina klorofili, hivyo haiulishi mmea. Hulishwa na ile ya kijani. Jua la adhuhuri huiunguza ikawa kama karatasi iliyopitiwa na moto, ilhali kiza kizito huinyima sehemu ya kijani mwanga wa kufanyia kazi. Kifaacho ni kivuli chepesi, penye jua la asubuhi. Mbegu nazo si za kutegemewa, kwani mche aghalabu haurithi ukingo wa mama yake. Anayetaka pambo lile lile hana budi kuligawa shina kwa kisu, kila kipande na chipukizi lake. Mara nyingine shina lenyewe hulisahau pambo na kutoa majani ya kijani kitupu. Haya yana nguvu zaidi, na yasipong'olewa mapema huwameza wenzao. (Konokono nao wana maoni yao kuhusu jani la hosta, na huyatoa usiku.)

Kisu hicho hicho ndicho kilicholeta msiba. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza virusi vya hosta ambavyo huenezwa na utomvu uliobaki kwenye makali ya kisu au viganjani. Dalili yake ni rangi inayovuja kando ya mishipa ya jani, kama wino kwenye karatasi duni, pamoja na mabaka yaliyobonyea. La ajabu ni kwamba kabla ya maradhi hayo kufahamika vyema, baadhi ya mimea iliyougua ilipewa majina na kuuzwa kama aina mpya: 'Breakdance', 'Leopard Frog'. Watu walilipa, wakawaonyesha majirani, kisha wakaligawa shina na kuwapa marafiki.

Kiswahili hulitaja doa la chui na doa la aibu kwa neno moja, na bustanini hali ni hiyo hiyo. Pambo la asili lina utaratibu: kila jani hutoka na ukingo wake, mwaka baada ya mwaka. Doa la maradhi halina mpango. Jani la leo haliafikiani na la jana. Hata hivyo, dalili huweza kujificha muda mrefu, na mmea unaoonekana mzima ukakitia kisu sumu.

Dawa hakuna. Mmea hung'olewa, mizizi na yote, na kisu kikaoshwa kabla ya kuugusa mwingine. Hapa ndipo moyo hugoma, kwa kuwa hosta huishi miongo kadhaa pahali pamoja, na shina alilogawiwa binti na mamaye si jani tu. Wapo wauchimbao jioni ile ile. Wapo pia wauzungushiao mawe, wakidai kwamba utaishi peke yake maadamu hakuna kisu kitakachoufikia. Dai lao lina mashiko, maana virusi hivi havipeperushwi na upepo. Lakini mashine ya kukata nyasi, ikipita karibu mno, haiujui mpaka wa mawe, wala haujui mgeni atakayeirithi bustani hiyo asiambiwe lolote.