Deni la Mwendelezo: Mtazamaji wa Ndalu na Filamu za Kisayansi

Aghalabu uhakiki wetu humtaja mtazamaji wa filamu za kigeni kwa masikitiko. Huchukuliwa kuwa mtu anayemeza kila anacholishwa: bunduki, roboti, na majitu ya sayari za mbali. Dhana hii inafaa ipimwe kwa kumwangalia mtazamaji mmoja kwa makini. Anayezungumziwa hapa ni mkulima wa makamo wa Ndalu, katika eneo la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, nchi ya mahindi inayopakana na Trans Nzoia. Filamu alianza kuzitazama katika kanda za vidio, kwa umeme wa jenereta. Siku hizi huzitazama katika simu ya mwanawe. Hajasomea uhakiki. Maoni yake huyatoa kwa mzaha, akipukuchua mahindi au akingoja matatu ya kwenda Kitale. Hata hivyo, ukiyakusanya maoni hayo, utaona kwamba yana mfumo.

Kanuni yake ya kwanza ni ya watazamaji wengi wa Afrika Mashariki: steringi hafi. Kanuni hii haihitaji maelezo marefu, kwani msikilizaji wa ngano anaijua tangu utotoni. Kanuni ya pili ni yake mwenyewe, nayo ndiyo yenye uzito: mwendelezo una deni. Sehemu ya pili ikitumia sura na jina la sehemu ya kwanza, inawiwa na wale walioteseka katika sehemu ile.

Kwa kipimo hiki, filamu bora kuliko zote kwake ni Terminator 2 ya James Cameron (1991). Katika filamu ya kwanza (1984), mashine yenye umbo la mtu inatumwa kutoka mwaka 2029 kuja kumuua Sarah Connor kabla hajamzaa John, atakayeongoza vita vya binadamu dhidi ya mashine. Katika filamu ya pili, sura ile ile ya Arnold Schwarzenegger inarudi, safari hii kumlinda mtoto. Mkulima huyu husema kwamba hapo deni limelipwa kwa riba: hofu yote ambayo mtazamaji aliwekeza katika sura ile inageuzwa kuwa imani, na mashine inapojitoa mhanga katika chuma kilichoyeyuka, hata waliokuwa wakipiga kelele ukumbini walinyamaza.

Kinyume chake ni Alien 3 ya David Fincher (1992). Katika Aliens (1986), Ripley anateremka tena katika kiota cha madubwana ili amwokoe Newt, mtoto aliyebaki peke yake baada ya wazazi wake kuangamia. Filamu ya 1992 inapofunguliwa, chombo kinaanguka na Newt anakufa usingizini, kabla hajatamka neno. Mkulima huyu hakuidai filamu imbakize Newt hai mpaka mwisho. Anachokataa ni kwamba mtoto aliyekombolewa kwa saa mbili za mateso aliondolewa kwa dakika chache, kana kwamba ni samani iliyoziba njia. Kosa lile lile anaona lilirudiwa katika Terminator: Dark Fate (2019), ambamo John Connor anauawa mwanzoni, akiwa bado kijana.

Inawezekana kudai kwamba huu ni ulaini wa moyo, na kwamba mtazamaji huyu anataka tu faraja. Hukumu yake juu ya Terminator 3 (2003) inaikanusha hoja hiyo. Filamu hiyo inasema kwamba Siku ya Hukumu haikuzuiwa, bali iliahirishwa. Mabomu yanarushwa, na dunia inateketea. Mashabiki wengi waliiona kuwa usaliti. Yeye anaitetea. Mtu aliyeishi karibu na Mlima Elgon aliziona familia zikikimbia nyumba zilizochomwa katika mapigano ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaambiwa kwamba yamekwisha, kisha akaona moto mwingine kati ya 2006 na 2008. Anajua kwamba balaa ina sehemu ya pili. Katika filamu ile John yu hai ndani ya handaki. Mateso ya mama yake hayakupotea. Kwa hiyo anatofautisha mambo mawili ambayo wahakiki wengi huyachanganya: hatari kurudi, na wokovu kufutwa. La kwanza ni uhalisi. La pili, kwa maoni yake, ni dharau kwa aliyeokoa na kwa aliyetazama.

Hans Robert Jauss angeliita jambo hili upeo wa matarajio. Lakini upeo wa mtazamaji huyu haukujengwa na Hollywood pekee. Wabukusu wana majina manane ya marika ya tohara, yakiwemo Kolongolo, Nyange, Maina na Chuma, ambayo huzunguka na kurudi baada ya muda unaokaribia karne moja. Jina hurudi likiwa na watu wapya, na hao wapya hulibeba wakijua kwamba lilibebwa na wengine kabla yao. Jamii inayohesabu vizazi vyake namna hii haishangazwi na mwendelezo. Huuliza tu kama anayelichukua jina analistahili.

Swali hilo linaweza kuulizwa pia kuhusu fasihi ya Kiswahili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alirudi kitabu baada ya kitabu tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), lakini kila fumbo lilifungwa katika kitabu chake, hivyo deni lilikuwa dogo. Mzingile ya Euphrase Kezilahabi (1991) husomwa pamoja na Nagona (1990), na hapo deni ni zito zaidi, kwani msomaji anadai kujua utafutaji wa kwanza ulifikia wapi. Walenisi ya Katama Mkangi (1995), inayomchukua mhusika wake hadi dunia nyingine, haikupata sehemu ya pili. Mara nyingi wahakiki huvichambua vitabu hivi kimoja kimoja. Ni nadra kuuliza kitabu cha baadaye kinawiwa nini na wahusika wa kitabu kilichotangulia, swali ambalo mpukuchuaji mahindi huliuliza bila kushurutishwa.

Alipoonyeshwa Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu (2009), ambamo Asha anaikimbia jamii yake ili akapande mche jangwani, mtazamaji huyu alianza kwa kuhoji kilimo chake: maji yalikuwa haba mno, na jua kali. Kisha alikiri kwamba Asha alifanya alivyopaswa kufanya, kwa kuwa aliufunika mche kwa kivuli cha mwili wake mwenyewe. Alipoulizwa kama angependa sehemu ya pili, alijibu kwamba angeitazama kwa sharti moja: mti uwe umesimama.

Sharti hilo ni kauli ya kihakiki. Lina kigezo, lina ushahidi kutoka matini kadhaa, na linaweza kupingwa kwa hoja. Anayetaka kulipinga aanze na Alien 3, aonyeshe kwamba kifo cha Newt kinalipwa mahali fulani katika filamu hiyo.