Jiko la Kwenye Simu

Mwenyekiti wa kikundi cha mama lishe alisimamisha simu yake kando ya jiko, kama askari anayelinganisha mtu na picha ya kitambulisho. Akaangalia simu, akaangalia jiko, akarudi kwenye simu.

"Mwanangu," alisema, "hili silo."

Lilikuwa lenyewe. Kipenyo kilekile, miguu mitatu ileile, udongo uleule wa ndani unaoshika joto ili mkaa usiliwe ovyo. Kila kipimo nilichokichora kwenye kompyuta, mjomba wangu alikifuata kule Gerezani kwa mkasi wa bati na nyundo. Lakini kwenye simu jiko lilikuwa la chuma kilichopigwa msasa, linang'aa kama sahani ya harusini, limekaa juu ya sakafu nyeupe isiyo na mwisho. Pale uani lilikuwa bati la pipa, lina mawimbi, na mshono wa kuchomelea umeteremka ubavuni kama kovu la operesheni. Kikundi kilikuwa kimetanguliza nusu ya pesa za majiko 20. Sasa alizitaka.

Kurenda, yaani kugeuza modeli ya vipimo kuwa picha inayofanana na ya kamera, niliifanya kwa KeyShot, toleo la majaribio. Sisemi programu ina kosa. Wabunifu wa bidhaa wanaipenda kwa sababu za kweli: inapokea faili la STEP kama lilivyo, unachukua chuma, unakidondosha juu ya modeli, unachagua studio ambayo taa zake zimeshapangwa, picha inajisafisha mbele ya macho yako. Ilikuwa kazi ya nusu saa, na sehemu kubwa ya hiyo nusu saa nilikuwa najipongeza.

Blender nilikuwa nimeijaribu kabla, nikaiacha. Ni ya bure, na mwaka 2002 watu walichanga zaidi ya yuro 100,000 kuikomboa ili iwe ya wote. Lakini yenyewe haisomi STEP. Ilinibidi nipitie FreeCAD, niigeuze modeli kuwa wavu wa pembetatu, na duara la mdomo wa jiko likatoka na kona kama nati. Nikarudia kwa pembetatu ndogo zaidi. Kisha injini yake, Cycles, hufuata miale ya nuru inavyogonga vitu na kudunda. Ukiipa sampuli chache, picha inajaa chenga kama televisheni ambayo antena imepinda. Ukiipa nyingi, unasubiri. Kompyuta yangu haina kadi ya grafiki ya maana. Usiku wa pili luku iliisha picha ikiwa robo tatu, na betri ya kompyuta ilishakufa zamani.

Kwa hiyo nilichagua ya haraka.

Watu wa fani hii wana buli lao maarufu. Mwaka 1975, Martin Newell wa Chuo Kikuu cha Utah alilichora buli la chai la nyumbani kwake akalitia kwenye kompyuta, na mpaka leo watu hujaribia programu zao kwa buli hilo. Lile la kwenye skrini ni fupi kuliko lenyewe, na la mwanzo halikuwa na kitako. Chai ingemwagika yote. Lakini hakuna aliyekuwa ametanguliza nusu ya pesa.

Nilimwomba mwenyekiti wiki moja, nikarudi Blender. KeyShot nayo ingeweza kuonyesha bati lenye mawimbi, kama ningeiambia. Tatizo ni kwamba najijua. Nikichoka nachukua ninachopewa kwanza, na kule cha kwanza ni kizuri mno. Blender ukiifungua inakupa boksi la kijivu, basi. Na sitajifanya kwamba bei ya leseni kwa dola haikuchangia.

Nilikwenda Gerezani saa nne asubuhi nikapiga picha mabati ya mjomba juani: kutu, rangi, alama za nyundo, mshono. "Unapiga picha takataka?" aliniuliza. Nikazibandika kwenye modeli. Taa za studio sikuweka, niliweka jua moja na sakafu ya saruji. Kiondoa chenga nikakizima, maana kilikuwa kinafuta chenga pamoja na alama za nyundo. Badala yake nikaongeza sampuli, na nikanunua umeme wa kutosha.

Mwenyekiti aliikuza picha kwa vidole viwili.

"Hapa pana nini?"

"Alama ya nyundo, mama."

"Na litakuja nayo?"

"Litakuja nayo."

Akanyamaza, kisha akataka nipunguze shilingi 2,000 kwa kila jiko. Tukakubaliana 1,000.

Aliyekasirika ni mjomba. Nilimwonyesha nikidhani atafurahi kuiona kazi yake.

"Mshono huu ni wa lini?"

"Wa lile la kwanza."

"Siku ile mashine ilikuwa mbovu. Mimi nachomelea hivi?"

Akanishika mkono, akanipeleka kwenye jiko la saba, akapitisha kidole juu ya mshono ulionyooka toka juu hadi chini. Nikatoa simu, nikaupiga picha.