Eti damu imekataa maharage

Haya wadau, nipo, tesiti zimeisha na nimerudi kijiweni. Leo sileti siasa wala habari za foleni ya kafeteria. Nataka tuongelee hiki kipimo cha damu kilichoingia mabwenini kama fasheni, kile cha kukwambia chakula gani mwili wako haukitaki. Wenzangu wa Bailojia mtachangia, maana mambo ya kingamwili tuliyasoma wote, haiwezekani yaishie kwenye desa.

Rumeti wangu (nimemwomba ruhusa, kasema andika tu ila jina langu liache) ana matatizo ya tumbo siku nyingi. Akila linajaa gesi, usiku linanguruma mpaka mimi wa kitanda cha juu nasikia, siku nyingine linamharisha kabisa. Bumu lilipoingia akaenda sehemu moja mjini, wakamtoa damu, akaacha zaidi ya nusu ya bumu hukohuko. Baada ya wiki mbili akapewa karatasi ya rangi: kijani kula, njano punguza, nyekundu acha. Kwenye nyekundu: maharage, mayai, maziwa, ngano, mchele. Yaani mlo mzima wa mwanafunzi! Kwenye kijani, asparagasi, samaki wa salmoni, na matunda ambayo ilibidi tuyatafute kwenye intaneti tuone sura zake. Dagaa na mihogo havikutajwa kabisa.

Akaacha vyote vyekundu. Asubuhi chai ya rangi na kiazi, mchana kiazi na mchicha. Wiki ya tano sketi anaibana na pini, kipindi cha saa nane anasinzia. Hapo ndipo nilipoichukua ile karatasi nikaisoma vizuri.

Kinachopimwa ni kingamwili aina ya IgG. Maabara wanakuwa na kisahani chenye vishimo, kila kishimo kimepakwa protini ya chakula kimoja: hiki yai, hiki maziwa. Wanatia maji ya damu yako, wanaosha, kisha wanatia dawa ya kubadilisha rangi. Kama IgG yako imenata pale, rangi inatokea, na ikikolea sana wanakuandikia nyekundu. Kipimo chenyewe kinafanya kazi, rangi haidanganyi. Shida ni maana wanayoipa ile rangi.

Mwili kutengeneza IgG dhidi ya chakula ni jambo la kawaida. Ukila kitu mara kwa mara, vipande vidogo vya protini vinapenya, kinga ya mwili inavitambua na kuviwekea kumbukumbu. Wafuga nyuki wanaoumwa kila msimu wanakuwa na IgG4 nyingi sana dhidi ya sumu ya nyuki, na hao ndio wasiovimba! Ndiyo maana mwaka 2008 jopo la chama cha Ulaya cha wataalamu wa aleji lilisema IgG4 ya chakula inaonyesha kwamba mtu amekutana na chakula hicho, na halikushauri itumike kupima. Wa Kanada wakasema hivyohivyo mwaka 2012. Nikamwambia, "Shosti, hii karatasi ni menyu yako ya miezi iliyopita." Salmoni atakuwa mwekundu vipi wakati hajawahi kumwonja?

Aleji yenyewe, ile ya midomo kuvimba na pumzi kubana dakika chache baada ya kula karanga au kamba, ni kazi ya kingamwili nyingine, IgE, iliyotambuliwa miaka ya 1960. Hapa ndipo ninapoogopa. Mtu mwenye aleji ya hatari anaweza kupewa kijani kwenye karatasi ya IgG, akala kwa amani, yakamkuta makubwa.

Na tumbo la maziwa wala halihusiani na kingamwili. Ni upungufu wa kimeng'enya cha laktesi. Sukari ya maziwa inapita bila kumeng'enywa, bakteria wa utumbo mpana wanaichachusha, gesi inajaa. Watu wazima wengi duniani wako hivyo. Sarah Tishkoff na wenzake mwaka 2007 walitoa utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba jamii zetu za wafugaji zina mabadiliko ya jeni yao wenyewe, tofauti na ya Wazungu, yanayofanya laktesi iendelee ukubwani. Kwa hiyo Mmasai anashusha kibuyu na wewe unakimbilia chooni, na hakuna aliye mgonjwa. Mtindi una sukari hiyo kidogo, jaribu huo. Maharage nayo yana sukari ambazo binadamu yeyote hana kimeng'enya chake. Yaloweke usiku, yamwage maji, yachemshe mpaka yaive kweli, sio haya ya kugonga kwenye sahani.

Tusibane ukweli lakini. Mwaka 2025 huko Marekani ulitoka utafiti wa wagonjwa 238 wa IBS, yaani utumbo unaosokota na kuvurugika bila kidonda. Walioacha vyakula kwa kufuata IgG, karibu asilimia 60 walipata nafuu ya maumivu. Waliopewa orodha ya uongo, karibu asilimia 42. Tofauti ipo, na inafaa kuendelea kuchunguzwa. Ila kipimo kile kilikuwa cha vyakula 18 tu, wagonjwa walikuwa chini ya madaktari, na hao waliopewa orodha ya uongo nao walipona kwa wingi! Halafu ukiacha maziwa na ngano umeacha pia sukari zinazoleta gesi, kwa hiyo karatasi inaweza kukusaidia kwa bahati tu.

Rumeti akanijibu, "Mwaya, hela imeshaenda, unataka niitupe?" Hiyo ndiyo iliyomshika, wala sio sayansi. Ila juzi nilikuta ganda la yai kwenye ndoo ya taka, nikanyamaza. Sasa anarudisha kimoja kimoja, siku tatu tatu, anaandika kwenye daftari. Mayai yamepita. Mchele umepita. Maziwa mabichi yamemtoa mbio, mtindi umekaa. Ngano tumeiacha mwisho, kwa sababu kuna ugonjwa wa siliaki, na huo kweli una kingamwili zake za kupima kwenye damu, ila ni IgA na sio hizi. Kipimo chake kinataka uwe unakula ngano kabla ya kutolewa damu, la sivyo kinaweza kusema huna. Kwa hiyo wiki hii anakula chapati kwa bidii, halafu atakwenda kwa daktari wa tumbo.

Mwezi wa saba naenda TP. Wote tuliosoma bweni tunawajua wale wa "nina aleji ya maharage, mwalimu", wanaokuja na barua ili wapikiwe wali. Sasa watakuja na karatasi za rangi. Walimu wenzangu watarajiwa, mtoto akikuletea hiyo, utamuuliza swali gani la kwanza? Mimi nitamuuliza akila anapata nini, na baada ya muda gani. Changieni hapo chini.