Haki ya Mgeni: Niliyoyaona Guangzhou



Yako maneno mashuhuri yanayomhimiza mtu kuifuata elimu hata Uchina. Wanavyuoni wa Hadithi wamebainisha kwamba isnadi yake ni dhaifu, nasi hatuyafanyi kuwa hoja. Lakini siku hizi watu wetu wa pwani ya kusini waenda Uchina kwelikweli, na wengi huenda kwa biashara, pasipo kujua jinsi mgeni anavyoishika njia katika mji wa watu wengine. Nimeona yafaa niwaeleze niliyoyaona, kwa kuwa mna faida ndani yake kwa asafiriye na kwa akaaye nyumbani pia.

Mwaka 2024, baada ya msimu wa korosho, mpwa wangu mwenye duka hapa Mtwara alikwenda Guangzhou kununua mabegi ya shule. Dada yangu hakuridhika mwanawe aende peke yake na fedha za jamaa nzima, basi nikafuatana naye. Mji ule una watu zaidi ya milioni 18, na ni bandari ya tangu kale. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa jirani yetu mwaka 1331, alifika huko pia baadaye, akauita Sin Kalan.

Mimi ni mtu wa chuo. Elimu yangu ni ya Kurani na ya shule ya msingi, na kazi yangu ni kuwafundisha watoto kutambua alifu na be. Katika mitaa ya Guangzhou, ambako milango na maduka yameandikwa kwa herufi za Kichina, nilikuwa kama mtoto aketiye mkekani siku yake ya kwanza.

Jambo la kwanza apasalo kulifanya mgeni ni kuchukua kadi ya nyumba anayolala, iliyoandikwa kwa Kichina, aitie mfukoni kabla hajatoka. Dereva wa teksi akionyeshwa kadi hiyo, hana haja ya maneno. Pasipoti nayo isiachwe, kwani sheria yawataka wageni watu wazima watembee nayo. Hoteli huwaandikisha wageni wake polisi, lakini alalaye nyumbani kwa mtu yampasa ajiandikishe katika muda wa saa 24.

La pili ni treni za chini ya ardhi, zilizoanza mjini humo mwaka 1997. Mizigo hukaguliwa mlangoni. Kila njia ina nambari na rangi yake: njia ya pili ni buluu, njia ya tano ni nyekundu. Tulikaa Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, ulio katika njia ya tano. Majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi hizi tuzitumiazo, ila ukiyatamka kama Kiswahili hakuna atakayekuelewa, kwa maana zile x na q zina sauti nyingine kabisa.

La tatu ni barabara. Huko magari hupita upande wa kulia, kinyume cha kwetu, na ziko pikipiki nyingi za umeme zipitazo kimya kabisa. Aliyezoea kutega sikio ajifunze kugeuza shingo. La nne ni malipo, maana watu wengi hulipa kwa simu. Tangu mwaka 2023 mgeni naye aweza kuiunga kadi ya benki ya kwao na programu za Alipay na WeChat, na yafaa alifanye hilo kabla ya kusafiri.

Ama chakula, Mwislamu azishike kwa macho zile herufi mbili zisomwazo qingzhen, ambazo huandikwa katika mikahawa ya Waislamu. Na kibla, ambacho hapa Mtwara ni kaskazini, huko ni magharibi, kikielekea kaskazini kidogo. Jambo hili lilinisaidia hata katika kutembea, kwani kila nilipotulia nikaijua kibla, nilijua pia upande wa kurudia.

Siku ya Ijumaa tulisali katika msikiti wa Xianxian, karibu na kituo cha Yuexiu Park. Waislamu wa huko husimulia kwamba kaburi lililo pale ni la Saad bin Abi Waqqas, ingawa vitabu vya tarikhi vyasema alizikwa Madina. Baada ya sala, mzee mmoja wa kabila la Wahui alinishika mkono. Hatukuwa na lugha ila Kiarabu kidogo cha vitabuni. Nilipomwonyesha majina ya vituo vyetu, alichukua kalamu akayaandika upya kwa herufi za Kiarabu, jinsi yatamkwavyo. Wahui wanayo desturi ya kale ya kuandika Kichina kwa herufi hizo, waiitayo Xiao'erjing, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili. Niliipokea karatasi ile kwa heshima, nikaikunja ndani ya msahafu.

Siku ya tatu yake mpwa wangu aliamka na homa kali, hawezi kusimama. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kuyakagua mabegi ghalani na kulipa fedha zilizosalia, ama sivyo kontena ingefungwa pasipo mali yetu. Aliniambia, "Mjomba, tuache tu, Mungu ataleta nyingine." Nikamwambia alale. Nikamwachia maji na dawa, nikafunga fedha kiunoni ndani ya kanzu, nikatoka na karatasi yangu.

Nilipanda treni Xiaobei, nikashuka kituo cha pili yake, kilicho chini ya stesheni kuu ya reli, nikaifuata rangi ya buluu hadi Sanyuanli. Kila nilipoingia shaka nililitamka jina kama mzee alivyoliandika, na watu walinielewa, wakanyoosha kidole. Nilipotoka juu, anwani ya ghala ilikuwa kwa Kichina tupu. Kijana mmoja mwenye duka la mikanda aliisoma, akafunga droo yake ya fedha, akanitangulia vichochoroni kwa muda wa robo saa hadi mlangoni pa ghala, kisha akarudi kazini kwake asitake hata soda. Niliyahesabu mabegi, nikakuta baadhi si ya namna tuliyoagiza. Yakabadilishwa mbele ya macho yangu, nikalipa, yakapakiwa.

Robo saa ya kijana yule iliokoa mavuno ya korosho ya nyumba tatu.

Sasa nawageukia vijana wetu. Bomba la gesi la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, lilijengwa na makampuni ya Kichina, na wafanyakazi wao walikuja sokoni kwetu. Wakinyoosha vidole kuomba nyanya, wako watoto waliowaigiza sauti na kucheka, na wako wakubwa waliowapandishia bei. Na tangu vita vilipozuka Cabo Delgado mwaka 2017, wako watu waliovuka Ruvuma wakija kwetu bila mzigo, wengine wasomao Kireno tu, wasiojua ofisi iko mlango gani. Hao nao huchekwa.

Enyi wanangu, mgeni asiyejua kusoma maandishi yenu si mjinga. Huenda kwao ni mwalimu. Anachohitaji ni kidogo: kuandikiwa jina la mahali, kuonyeshwa gari la kupanda, kuambiwa bei ya haki. Dini yetu imempa msafiri aliyekwama fungu katika zaka, naye hakuulizwa kabila lake. Aliye na fedha atoe, na asiye nazo atoe robo saa.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama wote walio njiani, na atufanye sisi kuwa miongoni mwa wanaowaonyesha njia. Amin.