Baraza Lililowekwa Ndani

Mama yangu alizaliwa pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye vile vijiji vilivyofuatana kutoka Bwejuu hadi Makunduchi. Akaolewa Dar es Salaam, akabaki huko. Mara ya mwisho kurudi kwao ilikuwa kwenye maziko ya bibi. Kwa hiyo nilipopata likizo ya wiki moja nikasema safari hii nampeleka, tena si kwa kwenda kubanana nyumbani kwa watu. Nampeleka hotelini.

Hoteli niliichagua kwenye simu. Ilikuwa imejengwa kwa mtindo wa "kijiji cha Waswahili": paa za makuti, kuta nyeupe za chokaa, milango ya kuchonga yenye misumari ya shaba, taa za vioo vya rangi. Unalipa mara moja tu, na chakula, vinywaji na ngoma za usiku vyote vimo. Nikamwambia, "Mama, pale utajiona uko kwenu." Akacheka. "Kwetu, halafu nilipe?" Nikadhani ni utani. Na kusema kweli, nilitaka pia ndugu zake waone kwamba mtoto wao kafika mahali.

Kijana wa mapokezi alitupa madafu na neno moja: "Jambo!" Mama akasimama anamtazama. Alikuwa anangoja shikamoo. Kijana naye katabasamu, anangoja kujibiwa. "Jambo, mama! Karibu!" Mama akaitikia, "Sijambo, mwanangu," taratibu, kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Wote tunajua kwamba hakuna Mswahili anayemwamkia mtu mzima hivyo. Jambo kavu ni salamu ya watalii, na wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982 uliisaidia kusafiri dunia nzima. Jioni kijana yule alipotuletea begi chumbani, na hakuna wa kumsikia, aliinama kidogo. "Shikamoo, mama. Utuwie radhi, ndivyo tulivyofundishwa."

Juu ya kitanda palikuwa na kanga iliyotiwa kwenye fremu. Mama akavaa miwani, akasoma jina lake, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Kumbe ilikuwa kanga ya mafumbo, ya kumsuta mke mwenza, nao wameitundika chumba wanacholala maharusi! "Halafu kipande kimoja," akasema. "Cha pili kiko wapi? Kanga ni doti." Chini, kwenye ukumbi, palikuwa na mlango mkubwa wa kuchonga. Alipapasa mfaa wake, akausifu, kisha akausukuma. Haukufunguka. Nyuma yake ni ukuta.

Hadi hapo tulikuwa tunacheka. Biriani lisilo na pilipili tulilicheka. Hata mgeni mmoja wa Ujerumani aliponiuliza wale kina mama wanaoinama majini wanatafuta nini, nilicheka kidogo, ingawa swali lake lilikuwa zuri. Nikamweleza kwamba ni mwani, kwamba kilimo chake kilianza huku mwaka 1989, Paje na Jambiani, na kwamba maji yakikupwa ndipo wanawake wanaingia shambani. Alifurahi kujua. Ilikuwa siku yake ya nne anawatazama kutoka kwenye kiti cha ufukweni, na hakuna aliyemwambia.

Mmoja wa wanawake wale alikuwa khalati, mdogo wake mama. Siku ya tatu, maji yalipojaa, alikwenda nyumbani, akaoga, akavaa buibui lake zuri, akaja kumwona dada yake. Alibeba hotpoti ya pweza wa nazi na mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa. Getini akazuiwa. Asiyelala hotelini haingii mpaka alipie, na chakula kutoka nje hakiingii kabisa. Mpaka ujumbe unatufikia chumbani, alikuwa amesimama juani karibu nusu saa.

Nilifika nikiwa nimepandisha. Mlinzi akanivuta pembeni. "Kaka, huyu mama mimi namjua, ni jirani yetu. Amenilea. Lakini ndiyo kazi." Sikuwa na la kumwambia. Mama akaja nyuma yangu, anatembea kwa goti lake bovu, akamwona mdogo wake upande wa pili wa kile chuma cha geti. Hakugomba. Aliuliza tu, "Hamna hata baraza la kumkalisha mtu?"

Mabaraza yalikuwepo. Matatu, yenye mito ya rangi, yote ndani, karibu na bwawa la kuogelea, wageni wamejilaza na glasi zao. Lakini baraza kwenye nyumba ya Mswahili huwa nje ya mlango. Limejengwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaingia, na pengine hataingia: jirani, mpita njia, mwenye shida, muuza kahawa. Anakaa, anapewa maji, anaulizwa habari. Waliojenga hoteli ile walilinakili vizuri sana, vipimo na chokaa, kisha wakaliweka mahali ambapo khalati hawezi kulikalia.

Tukatoka. Tulikula chini ya mkungu, ng'ambo ya barabara, tumetandika kanga, na mlinzi tukampelekea kipande cha mkate. Mama alikuwa bado na ile bangili ya plastiki ya hoteli mkononi. Khalati akaishika, akaigeuza. "Hii ndiyo nini, dada? Kama mgonjwa." Mama akaomba kisu cha mkate.

Usiku ule tulilala kwa khalati, na hoteli nilikwisha kuilipia mpaka Ijumaa. Sitawadanganya, sikulala vizuri. Umeme ulikatika, mbu walikuwepo, na kitanda cha kamba kilinikumbusha umri wangu. Lakini wale wawili walizungumza gizani mpaka karibu na alfajiri. Nilisikia jinsi bibi alivyofariki, jina la mama analoliita mwishoni, na kwa nini mama hakurudi kwa miaka yote ile. Hayo siyaandiki hapa.

Asubuhi nilipokwenda kuchukua mabegi, yule kijana wa mapokezi alinipa fomu ya maoni. Nikampigia mama simu nimuulize niandike nini. Alifikiri kidogo.

"Waambie ile kanga waitoe, wataachanisha watu. Na huyo mtoto wamwache aamkie."

Niliandika hivyo hivyo. Kijana akaisoma fomu mbele yangu, akaikunja, akaitia mfukoni mwake.

"Nisalimie mama," akasema. "Mwambie shikamoo."