MJANE GANI HUYO?

Najua nimepotea. Mwezi mzima sijaandika kitu humu mpaka wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Nimerudi chuoni juzi kwa nauli ya kukopa. Likizo nilikuwa nyumbani, Somanga. Kwa ambao hamjawahi kupita: ukitoka Dar kwenda Lindi na Mtwara, ukishavuka Rufiji na kuingia Kilwa, pale basi linaposimama tu na madirisha yote yakajaa masinia ya samaki wa kukaanga, ndipo kwetu. Kama umewahi kula samaki wa pale, huenda ulimpa hela mama yangu mdogo.

Leo sina habari za bumu wala za sapu. Nataka niwasimulie jinsi nilivyobakiza kidogo tu niwageuze mama zangu kuwa waongo.

Mama mdogo ni katibu wa kikundi cha akina mama kumi na wanane, wote wauza samaki. Ni VICOBA cha kawaida: kila wiki wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii, wanakopeshana, mwisho wa mwaka wanavunja, wanagawana na kuanza upya. Kumbukumbu zote zimo kwenye kaunta buku moja inayonuka samaki. Walisikia kuna taasisi ya nje inatoa ruzuku kwa vikundi kama chao, wakataka kuomba friza kubwa. Fomu ni ya Kiingereza, maswali kumi na moja, na siku zimebaki nne. Nani anajua Kiingereza? Mwalimu! (Kule kwetu nimeshakuwa mwalimu tangu siku niliyochaguliwa chuo. Matokeo yangu mnayajua ninyi, wao hawayajui.)

Mwalimu nikacheka kimoyomoyo. Siku nne za nini? Simu ninayo, bando ninalo, akili mnemba ipo. Tusidanganyane, wote tunajua inavyofanya kazi hapa chuoni usiku wa kuamkia siku ya kukusanya asaimenti.

Nikaanza na hesabu. Nikapiga picha kaunta buku, ukurasa kwa ukurasa, nikaitupia programu. Haikumaliza muda wa kunywa chai ikanipa jedwali safi: jina, hisa, mkopo, rejesho, jumla. Mama mdogo alishika mdomo. Kazi ile yeye hukesha nayo Desemba nzima. Jioni tukawasomea wenzake, na hapo ndipo balaa la kwanza lilipoanza. Mama mmoja alisomewa akiba ya 10,000 wakati anajua ana 70,000. Saba ya mama mdogo ina mkono mfupi, mashine ikaiona moja. Yule mama hakugombana na simu, aligombana na katibu. "Umenipunja!" Ilibidi kaunta buku lenyewe lifunguliwe mbele ya watu wote. Tukarudia mstari kwa mstari, tukakuta makosa mengine matatu.

Halafu binti mmoja wa kikundi, yeye ni wakala wa pesa za simu, akaniuliza taratibu: "Kaka, hizo picha zimekwenda wapi?" Nikababaika. Mle mna majina ya watu, namba za simu, nani anadaiwa na nani alishindwa kurejesha. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na mimi msomi wenu sikuwa nimemuomba ruhusa hata mtu mmoja. Nikaomba radhi. Tukakubaliana kuanzia hapo wapewe namba, wa kwanza mpaka wa kumi na nane, na majina yabaki kwenye kaunta buku.

Sasa twende kwenye andiko lenyewe. Niliiambia programu hivi: kikundi cha wanawake, kijijini pwani ya Tanzania, wanaomba friza, andika iwaguse wafadhili. Wallahi iliandika! Kiingereza kile hata wahadhiri wetu wengine hawakifikii. Ilianza na mjane mmoja mwenye watoto wanne, anayeamka alfajiri na kutembea kilomita kumi na mbili kufuata maji kabla ya kwenda pwani, halafu samaki wake wanaoza na yeye anarudi akilia. Mwishoni ikasema kikundi kimeshawafikia wanufaika 1,500. Nikajisemea, hapa friza imeshapatikana.

Usiku nikawatafsiria, na mimi najisikia. Walinyamaza. Bi Mwenyekiti, mtu mzima wa miaka sabini hivi, akauliza: "Mjane gani huyo?"

Nikamwambia ni mfano tu bibi, ndivyo wafadhili wanavyopenda.

"Wajane humu tuko watatu, mimi mmoja wao. Hakuna anayefuata maji huko unakosema. Na hao elfu moja na mia tano tumewafikia lini, na sisi tuko kumi na wanane?"

Nikajitetea. Nikasema wenzetu wote wataandika hivyohivyo, maana mashine ni hiyohiyo. Mwaka 2025 Marekani iliifunga USAID, na asasi nyingi zilizokuwa zinategemea fedha zile sasa zinagonga milango hii midogo. Tukiandika kikavu tutakosa. Sikuwa natania, niliamini hivyo, na sehemu fulani bado naamini.

Akanijibu: "Mjukuu wangu, wakija kumtazama huyo mjane tutamtoa wapi? Na kama hawaji, sisi wenyewe tutatazamanaje?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza basi yeye angeandika nini. Ndipo wakaanza kusimulia, mmoja anaacha mwingine anadaka, habari za kimbunga Hidaya.

Mnakumbuka Mei 2024? Barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika hapohapo kwetu. Magari yakapanga foleni, abiria wakakwama, watoto wanalia njaa. Kwa muuza samaki hiyo si ndiyo neema? Lakini bahari ilikuwa imechafuka siku kadhaa, hakuna aliyethubutu kutoka, kwa hiyo samaki hakuna hata wa dawa. Wakachukua hela za mfuko wa jamii, wakanunua unga na maharage, wakawapikia wale abiria, wengine bila malipo. Bahari ilipotulia vyombo vikarudi vimejaa. Sasa samaki wapo, mabasi hayapiti! Wakakaanga, wakakausha, wengine wakawatupa. Bi Mwenyekiti akamalizia: "Kwanza walaji bila samaki, kisha samaki bila walaji. Friza ni ya kuwakutanisha."

Wadau, mimi nasomea ualimu, na wahadhiri wanatuambia kila siku tuanze na anachokijua mwanafunzi. Nilikuwa nimeuliza mashine kabla sijawauliza wenye habari.

Tukaanza upya. Nikawarekodi kwa ridhaa yao, nikaandika Kiswahili chao kama kilivyo, kisha nikaiagiza programu itafsiri tu, isiongeze kitu. Hata hapo tulikaa macho. Pale waliposema "mwisho wa mwaka tunavunja," iliandika kwa Kiingereza kwamba kikundi chetu husambaratika kila Desemba! Fikiria mfadhili anasoma hivyo. Nani angeligundua kama si mtu anayejua VICOBA?

Siwaambii muache kutumia. Kenya kuna shirika linaitwa Jacaranda Health, lina huduma ya kujibu maswali ya akina mama wajawazito kwa ujumbe wa simu, na mwaka 2023 lilitoa programu yake inayojua Kiswahili, UlizaLlama. Mashine inachambua ujumbe upi wa haraka, na wa hatari unakwenda kwa mtu. Huo ndio mgawanyo wa kazi ninaoulewa. Na hapahapa Kilwa tuna MCDI ya Kilwa Masoko, wale wa misitu ya mpingo. Mwaka 2009 vijiji wanavyofanya navyo kazi vilianza kupata cheti cha FSC, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Cheti kile hukipati kwa hadithi ya kulia. Unakipata kwa kujua gogo lipi limetoka msitu upi.

Sasa matokeo. Tumekosa. Barua pepe imeingia wiki iliyopita, nikiwa kwenye kimbweta najisomea: maombi yalikuwa mengi, asanteni, jaribuni tena. Nilikaa pale muda mrefu. Sitawaficha, nilimkumbuka yule mjane. Labda yeye angepata.

Nikampigia mama mdogo nikitegemea lawama. Alikuwa sokoni, kelele tupu. Akasema sawa, lakini lile jedwali la namba moja mpaka kumi na nane wamelichapisha pale steshenari, kila mtu amelihakiki na kutia saini, na wanalipeleka kuombea mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 isiyo na riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024, na humo asilimia 4 ni ya wanawake. Kabla ya kukata simu akaniambia, "Mwalimu, Bi Mwenyekiti anakusalimu. Anasema utafute mfadhili mwingine na hiyo mashine yako. Ila mjane usimlete."

Haya wadau, kipindi kinaanza saa nane na sijala. Mnaopita Somanga kwenda kwenu, nunueni samaki.